Ndege wa Jumamosi

9 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Habari za huko, na wanao wanaendeleaje? Cherehani bado inakupa kazi? Sisi tunasukuma siku. Kaka yako hajambo kwa hali yake. Kidonda cha mgongo kimekauka, ila miguu ni ileile. Tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la kupakia rangi, haijamtii.

Kamera imefika. Dereva wa basi aliishusha kama anashusha mayai. Nilipoiona ile lenzi ndefu kama mchi wa kinu nilijiuliza mtu aliyelala kitandani ataifanyia nini. Kumbe sikujua. Yule mtu aliyegeukia ukuta tangu mwaka jana sasa amegeukia dirisha. Amepiga kunguru juu ya bati la ghala, amepiga njiwa, amepiga mwewe akipita. Asubuhi ya kwanza alikataa chai mpaka njiwa aondoke. Umeniletea mke mwenza, wifi, na nakushukuru hivyohivyo. Huyu angalau hali chakula.

Tabu ni kwamba ndege wa dirishani amewamaliza. Sasa anataka wa bwawa la majitaka, nyuma ya soko. "Ni hapo tu," anasema. Hapo tu kwa mwenye nafasi. Mimi naamka, namgeuza, namwosha, napandisha maji ghorofa tatu, naenda kufua mashuka ya hoteli mpaka jioni, narudi, namgeuza tena. Sasa niende na kupiga picha ndege. Nimemwambia nitaona.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa chumba chetu ni kimoja na lolote nisemalo analisikia. Kadi ya kamera nimeitia humu ndani. Tazama kazi ya kaka yako, kisha mpe dereva airudishe.

Wasalimie watoto.

Wifi yako


23 Februari

Wifi yangu,

Hujambo? Na mgonjwa wetu? Huku tu wazima, ila kitindamimba wangu ana kikohozi kisichotaka kuhama. Sare za shule zimenizonga, nalala na nyuzi kichwani.

Picha nimezitazama zote. Yule kunguru ameitazama kamera kama mwalimu wa zamu. Nilicheka peke yangu dukani. Kaka alipokuwa mdogo alikuwa akitega ndege kwa ulimbo, na akishawanasa analia mpaka anawaachia. Mama alikuwa akisema huyu mtoto anatega huruma yake mwenyewe. Ndiyo maana jirani yangu mpiga picha alipofunga studio, maana siku hizi kila mtu ana simu yake, nilimwomba hiyo kamera kabla hajamaliza kusema.

Nenda bwawani, wifi. Na wewe utapunga upepo. Najua umechoka, lakini nani hajachoka? Mvumilivu hula mbivu.

Mimi wifi yako, fundi wa sare


30 Machi

Wifi yangu,

Habari za huko? Kikohozi cha mtoto kimepoa? Mpe asali na maji ya moto. Sisi wazima.

Nilikwenda. Jumamosi zamu yangu ya kufua inaanza mchana, kwa hiyo asubuhi nilibeba ule mchi wa kinu shingoni nikaenda. Mlinzi wa bwawa aliniuliza natafuta nini. Nikasema ndege. "Wamepotea?" Nikamwambia hapana, ni wa mume wangu, anaumwa. Akanitazama, akafungua geti. Nadhani alinihurumia, sijui kwa lipi.

Harufu unaizoea. Yangeyange walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa saruji, weupe kama mashuka kabla mgeni hajayalalia. Nikapiga haraka haraka, nikarudi. Kaka yako akatazama, kisha akasema, "Mke wangu, umepiga picha ukuta. Yangeyange ameponea pembeni."

Akaanza kunifundisha. "Jua likae mgongoni kwako. Usimfuate ndege. Simama tu, akuzoee, akuone kama nguzo." Jumamosi iliyofuata nikasimama. Wifi, sijasimama bila kufanya kitu tangu mtu huyu aanguke. Miguu iliniuma kwa ugeni wa jambo lenyewe. Mdiria akaja akatua juu ya bomba, akazama, akatoka na kisamaki. Nimempata na tone la maji linaanguka, utamwona kwenye kadi niliyoitia humu.

Kaka yako alipoiona hiyo picha alicheka. Si kwa sauti, lakini nilisikia.

Kisha akasema anataka chozi. Nikamjibu kama ni machozi ninayo ya kutosha, ya nini kunituma nje? "Si hayo," akasema, "ni yule ndege mdogo anayeng'aa, anayefyonza maua." Nimempata kwenye mshubiri, kando ya uzio wa zahanati. Wagonjwa wa foleni walinitazama kama mimi ndiye wa kutibiwa.

Zile mbivu ulizoniahidi sijaziona bado. Ila Jumamosi siku hizi naamka bila kuamshwa.

Wifi yako


20 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

U hali gani? Huku kikohozi kimehama, kimehamia kwa dada yake.

Nina habari za kukufurahisha. Ile picha ya mdiria nimeikuza, nimeitia fremu, nimeitundika dukani juu ya cherehani. Kila mteja anauliza. Nawaambia, ni kaka yangu huyo, amelala kitandani, miguu hana, na bado anawashinda wenye miguu. Mwalimu mmoja alifuta macho. Nimempigia simu kaka kumpongeza, sauti yake ilikuwa imechangamka kama zamani.

Unaona, wifi? Tuma nyingine.

Wifi yako, fundi wa sare


29 Juni

Wifi,

Salamu. Natumaini watoto wamepona wote. Samahani kwa kimya. Kila nilichoanza kuandika kilikuwa kichungu, nikakichana.

Picha ya mdiria niliipiga mimi. Unajua, nilikuandikia. Na hapa ni vilevile. Wageni wakija, kaka yako anawapitishia kamera mkononi. "Huyu nilimsubiri sana," anasema. Alimsubiri wapi? Mimi nimesimama pale na sinia la chai. Nilijiambia ni neno dogo, na mgonjwa ana nini kingine cha kujivunia. Nikalimeza. Lakini neno dogo ukilimeza kila siku nalo linavimbisha tumbo.

Jumamosi ya mwanzo wa mwezi huu nilikwenda bwawani kama kawaida. Muda wa kurudi ukafika, sikuinuka. Usidhani nilimsahau. Nilijua mpira wa mkojo unatakiwa kumwagwa, nilijua chupa ya maji iko mbali na mkono wake. Nikakaa kwenye saruji. Hata picha sikupiga. Kazini nako sikwenda. Niliporudi jua lilikuwa limelala upande wa pili wa ghala. Mpira ulikuwa umejaa ukafumuka, naye amelala kwenye maji yake. Alikuwa amegonga ukuta kwa kijiko mpaka jirani akaja, lakini mlango nilikuwa nimeufunga kwa nje, jirani akabaki anampa pole kupitia tundu la ufunguo.

Aliniuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Bwawani."

"Umepata nini?"

"Sikupata kitu."

Hakuniuliza tena. Amegeukia ukuta, na kidonda kimefunguka.

Wifi, nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Naogopa kuna siku sitarudi kabisa. Njoo ukae na kaka yako, au tafuta mtu, mimi niende kwa mama yangu nikapumzike. Sikutishi. Nakwambia kabla halijatokea.

Wifi yako


5 Julai

Mke wa kaka,

Barua yako nimeipata. Mlango uliufunga kwa nje. Nimelisoma neno hilo nikitafuta namna nyingine ya kulielewa, sikuipata.

Alipokuwa anapanda majukwaa na kukuletea, hukuchoka. Ndoa si nguo ya kuazima, ukishaichoka unaikunja unamrudishia mwenyewe. Mimi nina watoto wanne na duka. Nitawaacha kwa nani?

Ukiamua kuondoka niambie siku, nije nimchukue ndugu yangu.

Dada wa mumeo


17 Agosti

Wifi yangu,

Hujanijibu, na barua ile haikustahili jibu. Naomba hii ikukute na afya. Kama huna, usinifiche.

Kaka alinipigia simu ukiwa kazini. Alianza bila salamu. "Dada, zile picha si zangu."

"Najua," nikamwambia.

"Ulijuaje?"

"Mkeo aliniandikia."

"Sasa mbona ulinipongeza?"

Nilikuwa na sindano mdomoni, nikajifanya ndiyo inayonizuia kujibu. Akasema, "Nilianza kwa utani, nikaona watu wanaamini, nikaona raha. Nikawa nasubiri mtu anikatalie. Hakuna aliyenikatalia, hata yeye."

Kisha akaniambia jambo ambalo silisahau. "Anafanya kila kitu kama kawaida. Ananiosha, ananilisha. Ila siku hizi ananigeuza kama shuka."

Nikamuuliza anataka nini. "Apumzike," akasema. "Kabla mimi sijamzika yeye, na mimi ndiye mgonjwa."

Niliyokuandikia Julai nilimwandikia mtu ambaye sijawahi kumsaidia hata siku moja. Nilituma kamera nikadhani nimetuma mikono. Naomba unisamehe, na kama huwezi sasa, nitakuja hivyohivyo. Shule zikifungwa watoto wanakwenda kwa baba yao, mimi nafunga duka. Usinipikie, usinitandikie. Nionyeshe tu ule mpira unamwagwaje, kisha ushike njia.

Wateja nimewaambia picha ni ya wifi yangu. Yule mwalimu safari hii hakulia. Alisema tu, "Alaa," akachukua sare zake.

Wifi yako


14 Septemba

Wifi yangu,

Umelala? Hiyo ndiyo salamu yangu ya kwanza. Mama yako hajambo?

Nakuandikia nimekaa kwenye kitanda chako, kaka amesinzia. Kidonda kinakauka, nimefuata kama ulivyonionyesha. Maji ya ghorofa tatu yamenitoa goti. Sasa najua kwa nini mwandiko wako ulikuwa unateremka kadiri ukurasa unavyokwisha. Jana nilimgeuza vibaya, akanipa pole mimi.

Ufunguo mmoja nimempa jirani, kila mchana anachungulia.

Jumamosi kaka alinituma bwawani. Mlinzi akauliza, "Yule wa ndege yuko wapi?" Nikamwambia amepumzika. "Alikuwa anahitaji," akasema, kama vile sote tulitakiwa kuona na ni yeye peke yake aliyeona. Nikapiga yangeyange mmoja kwa mbali, nikajisifu njia nzima. Kaka akatazama sana, akasema, "Dada, huyu ni mfuko wa plastiki." Tulicheka mpaka mpira ukachomoka. Kisha yeye akaendelea, na kilichoendelea hakikuwa kicheko. Nikamshika mkono mpaka kikaisha.

Aliniambia nikuulize utarudi lini. Baadaye akaniambia nisikuulize. Nimefikisha yote mawili.

Mwisho wa mwezi shule zinafunguliwa, sina budi kuondoka. Lakini tumekubaliana mimi na yeye: kila likizo ni mimi. Nitakuja hapa, au nitamchukua kwangu. Usiniite mwema. Hii ni zamu, ilinipasa kuishika tangu mwaka jana.

Kama huwezi kurudi, niambie wazi. Sitakuandikia methali.

Wifi yako


25 Septemba

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na mama anakusalimu. Pole na goti. Beba ndoo mbili ndogo badala ya moja kubwa, uzito ukae pande zote.

Nimelala. Siku za mwanzo nililala mpaka mama akawa anakuja kuniwekea mkono puani aone kama napumua. Sasa naamka kabla ya jua, mikono inatafuta mtu wa kumgeuza, haimpati, nalala tena.

Nitarudi Jumapili. Usidhani uchovu umeisha. Umepungua tu, na najua uchovu huo unakaa wapi, utanikuta hukohuko. Lakini uliponiandikia alivyosema kaka yako, kwamba namgeuza kama shuka, kwanza nilikasirika. Nilibeba hasira hiyo nikaja nayo mpaka huku. Kisha nikaona kwamba amesema kweli, na kwamba muda wote nilipodhani ametazama ukuta alikuwa ananitazama mimi. Kwa hiyo narudi. Ningekuwa narudi kwa sababu ya maneno ya watu ningekwambia.

Mwambie haya kabla sijafika, nisije nikayasema nimesimama mlangoni na mzigo. Zamu za likizo zibaki kama mlivyokubaliana. Jirani abaki na ufunguo. Jumamosi asubuhi ni yangu. Nikipenda nitabeba kamera, nikipenda nitaiacha, na asinitume ndege. Picha nikileta ni zangu, na wageni atawaambia hivyo kwa mdomo wake, mimi nikiwepo. Akikubali, anitandikie uso wa mtu aliyekubali, si wa mgonjwa.

Jana nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni kwa mama. Ndege akatua kwenye kamba ya nguo, karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningemgusa. Vidole vilikwenda kifuani kutafuta kamera, hakuna. Nikatulia. Akachambua manyoya ya bawa moja, akahamia la pili, akanitazama, akaona sina neno, akaendelea na shughuli zake mpaka alipotosheka mwenyewe akaruka.

Mwambie kaka yako nimeona ndege. Akikuuliza ni ndege gani, mwambie wifi hakusema.

Wifi yako