Rudi Pale Uliporuka

Kwako Mama, uliyenizalia mume,

Kitabu cha mwisho kimefika. Mwalimu mwenzangu alikileta kutoka Kampala, kimefungwa kwenye nailoni, kinene kuliko vyote. Nilikiweka juu ya friji pale kwangu Bilele, Bukoba mjini, karibu na pasi. Kikakaa. Nilikuwa nakifuta vumbi kama ninavyoifuta pasi, sikifungui.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa bado mgeni kwako Muleba, mwanao yuko kazini Mwanza, na mimi nimeletwa likizo nzima nikae na wewe ili tuzoeane. Hatukuwa na la kusemezana. Ulinipa kahawa ya kutafuna, nikashukuru. Ukauliza habari za Bukoba, nikasema nzuri. Basi. Nikajificha nyuma ya kitabu, nikawa nacheka peke yangu, hadi ukaweka chini kisu cha kumenyea ndizi. “Mkamwana, hicho kinasema nini? Tucheke wote, waitu.”

Nikakueleza kwamba kuna mwanamke wa siku hizi, fundi cherehani, huko Ulaya. Anashuka ngazi za kinu kikuukuu cha kusaga ngano, akifika chini anajikuta miaka mia mbili nyuma, na huko anampenda mjenzi wa madaraja. Nilidhani utaniona punguani. Wewe ukauliza swali moja tu: “Ameenda bila hata kubeba chumvi?”

Tangu siku hiyo nikawa msomaji wako. Kitabu cha Kiingereza, mdomo wangu Kiswahili, na palipokuwa pagumu tulimalizia kwa Kihaya. Vitabu vikafuatana, kila kimoja na kusubiriwa kwake, na wanangu wakazaliwa katikati. Mimi nasoma, wewe unamenya ndizi, au msimu wa senene ukifika unawanyonyoa mabawa, beseni liko kati yetu. Mama wa yule mjenzi ulimchukia kabisa. “Mkwe gani huyu, hana aibu,” ulikuwa ukisema, kisha unanitazama kwa pembeni, nami najifanya sikuoni.

Na zile kurasa nyingine! Mara ya kwanza mjenzi alipozima mshumaa, nilikwama. Nitamsomeaje mama wa mume wangu mambo ya kitandani? Nikaruka, nikaingia asubuhi yake, mvua inanyesha, ng'ombe wanakamuliwa. Ukamenya ndizi mbili tatu. Halafu, bila kuinua macho: “Rudi pale uliporuka.”

Nikarudi. Uso ulikuwa unaniwaka. Wewe ulisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya kahawa redioni, na mwisho ukasema, “Sawa. Sasa endelea na hao ng'ombe.” Tulicheka mpaka wifi, binti yako uliyekuwa unaishi naye, akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Tukamwambia ni ng'ombe.

Ukawa mchezo wetu. Nilikuwa naruka makusudi ili uniamrishe.

Kile kitabu cha kabla ya hiki kiliisha vibaya. Mwanamke amerudi kwenye zama zake, amesimama makaburini, anasoma jina la mjenzi kwenye jiwe. Ulikasirika kweli. “Kwa hiyo huyo mwanaume amekufa, au yuko kule chini anamsubiri?” Nikasema yote mawili. “Hapana, mwanangu. Mtu yupo au hayupo.” Kisha ukaniapisha: kikitoka kingine, nisisome bila wewe.

Simu ya wifi ilinikuta nasahihisha madaftari. Ni presha, alisema, hukuamka. Nikamwambia asante kwa taarifa, nikayamaliza madaftari yaliyobaki, nikayapanga. Msibani wanawake walilia hadi sauti zikakauka, mimi napakua chakula. Nilimsikia mtu akiuliza ni mkamwana gani huyu asiye na hata chozi. Sikuudhika. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaugusa na hausikii kitu. Hata mwanao alipoanguka pale kaburini nilimwinua tu, nikamkung'uta udongo magotini.

Miezi imepita hivyo. Nafundisha, napika, nalala. Wala si kwamba nilikuwa na huzuni. Ningefurahi kuwa nayo. Kilichonitisha ni kwamba nilianza kufikiri labda sikukupenda, labda ilikuwa ni hadithi tu iliyotukalisha pamoja, na bila hiyo tungebaki wawili tunaotafuna kahawa na kuulizana habari.

Jumamosi iliyopita nikakishusha kitabu, nikaja. Nilikaa pale migombani karibu na kaburi lako, kwenye kigoda chako. Wifi aliniona, akaniletea beseni la ndizi na kisu, hakuuliza kitu. Nikaanza kusoma kwa sauti, nikitafsiri kama siku zote. Mwanamke anashuka tena ngazi za kinu. Nilimtilia pakiti ya chumvi kwenye mkoba. Kitabuni haimo, lakini usingekubali aende bila hiyo. Akafika chini. Mjenzi yupo, amekonda kidogo, yuko hai. Wakaongea sana. Kisha akazima mshumaa.

Nikaruka. Nikaingia asubuhi yake, kuku wanatoka bandani, nikasoma kidogo, nikanyamaza ili useme.

Nilisubiri kweli, Mama. Kidole changu kilikuwa kimeshika ule ukurasa nilioruka. Wifi alikuwa anafagia uani. Mimi bado nasubiri.

Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa.

Nikarudi mwenyewe pale niliporuka. Nikausoma ukurasa wote kwa sauti, bila kukwepa hata neno, ingawa herufi nilikuwa sizioni vizuri. Wifi akaacha kufagia. Safari hii hakuuliza kuna nini, alikuja akakaa chini kando yangu, akachukua kisu, akaanza kumenya.

Pumzika, Mama. Kitabu hakijaisha, na sina haraka nacho.

Mkamwana wako,
msomaji wako.