Usikague Nyumba Siku ya Jumapili

Tarehe 9 Agosti
Leo ni miaka minne na siku kumi na saba tangu niondoke nyumbani

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yako, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikunyima kuinama sasa umekuhurumia. Mjomba nisalimie sana, mwambie nasikia anavyowasumbua na fimbo yake mpya. Mimi huku mwili unasukuma siku. Mikono imepasuka kwa saruji kama kawaida, na jino moja la nyuma linapiga kelele nikinywa maji baridi, lakini nasimama, nakula, nalala. Habari nyingine utazikuta humu ndani.

Juzi uliponipigia simu kunieleza kwamba umepata kazi kwenye kiwanda cha kushona sare upande huu, na kwamba unaanza mwezi wa kumi, nilifurahi sana. Nikakwambia nitakutafutia nyumba. Ukasema hapana, mdogo wangu, ya Mama uliitafuta karibu miaka miwili mpaka akafa haijapatikana. Yangu nitaitafuta mwenyewe, wewe nifundishe tu nisije nikaibiwa. Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningepata pa kushika. Basi nakufundisha. Nimeona niandike, maana kwenye simu mambo mengine ningeyaruka, najijua. Mwandiko ni ule ule wa darasa la sita, uvumilie.

Nianze na madalali. Dalali wa huku utamjua kwa viatu, vinang'aa hata siku ya matope. Atakwambia nyumba iko dakika tano kutoka kituoni. Muulize dakika tano za nani, za mtu mwenye miguu au za pikipiki? Mmoja alinitembeza hadi nikadhani tunarudi nyumbani kwetu, na tulipofika akaniambia kwa fahari kwamba huku hewa ni safi. Wanadai malipo kwa kuonyesha tu, upende usipende. Patana naye kabla hujanyanyua mguu. Na chumba wanachokiita sebule, ingia ukae chini unyooshe miguu. Kimoja niliponyoosha, kisigino kilikuwa nje ya mlango, dalali akaniambia nijifunze kukaa kistaarabu.

Usitoe hata senti kabla ufunguo haujazunguka kwenye kitasa mbele ya macho yako. Yupo fundi bomba tuliyefanya naye kazi, alilipia chumba akapewa ufunguo mzuri wenye kamba nyekundu, alipofika na godoro kichwani akakuta wapangaji wengine watatu wamesimama mlangoni, kila mmoja na kamba yake nyekundu. Tulimcheka wiki nzima, na yeye akacheka nasi, lakini usiku wa siku ile alilala juu ya lile godoro barazani kwa watu.

Ukishaingia ndani, fanya kama mtu wa ujenzi. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia kama unagonga debe tupu, plasta imeachia, siku moja itakuangukia kwenye sufuria. Tazama dari pembeni, usitazame katikati. Doa la kahawia ni paa linalovuja, na rangi mpya kwenye kona moja tu ujue pana jambo limefichwa. Mwaga kikombe cha maji bafuni uone yanakwenda wapi. Fungua bomba, usiulize kama maji yapo, kwa sababu kila mwenye nyumba atakwambia yapo, hata kama anaazima ndoo kwa jirani. Uliza mita ya umeme ni yako peke yako au mnachangia na yule wa saluni. Na umtafute mpangaji anayehama. Huyo hana cha kuogopa, atakwambia yote, mpaka nani anakoroma.

Jambo jingine, usikague nyumba siku ya Jumapili. Jumapili kila mtaa umelala. Nenda siku ya kazi, saa za kazi, uone ni nini hasa kinachoonekana kutoka dirishani.

Mkataba usome wote, hata yale maandishi madogo kama chawa. Usipoelewa, mpe binti yako asome kwa sauti mbele ya mwenye nyumba. Mtu mwenye hila hapendi kusikia maneno yake mdomoni mwa mtoto. Risiti usiache. Ukiingia, andika kila kitu kilichovunjika na yeye atie sahihi, ama sivyo siku ya kuhama utaambiwa wewe ndiye uliyevunja kioo ambacho hakikuwahi kuwepo.

Haya yote, dada, niliyajua kwa kumtafutia Mama. Unakumbuka alivyoomba. Hakutaka kutibiwa wala kutembezwa mjini. Alisema anataka tu kuona mwanawe analala wapi, basi, akishaona atatulia. Masharti yake yalikuwa matatu: chini, kwa ajili ya magoti, choo cha ndani, na dirisha linaloangalia njia, ili akae hapo anione nikitoka kazini. Wewe ulimcheka, ukamwambia anataka ikulu. Miezi kumi na sita kila nilipopata nafasi nilizunguka. Nilipanda na kushuka mpaka madalali wakanichoka, wakaniita Bwana Choo cha Ndani. Nyingine zilikuwa ghorofani. Nyingine choo kilikuwa ng'ambo ya ua, watu kumi na wawili foleni asubuhi. Na pengine mahali penyewe palikuwa pazuri ila hawapangishi mwanamume asiye na mke, wanasema makapera ni fujo. Haya yote niliwaandikia na mlinijibu nisikate tamaa.

Sasa dada, kama umesimama, kaa.

Nyumba ilipatikana. Ilipatikana mwezi wa saba mwaka jana, miezi saba kabla ya Mama kufariki. Ndiyo ninayokaa mpaka leo.

Ni chumba na sebule, chini, choo ndani, dirisha linaangalia njia. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mkunga mstaafu, mkali lakini mwenye utu. Aliponiona peke yangu alianza kutikisa kichwa. Nilipomwambia namleta mama yangu mzazi, akafungua mlango wote. Akaniuliza Mama anatembeaje, anainuka vipi akikaa. Nilipolipa, wiki ile ile alimleta seremala akapigilia mshikio wa mbao ukutani kando ya choo, Mama apate pa kujiinulia. Sikumwomba. Mimi nikanunua kitanda na godoro nikaweka chumbani. Mimi ningelala sebuleni kwenye mkeka, na ndiko ninakolala.

Nilikuwa nimeikagua siku ya Jumapili.

Jumatatu nilikwenda kazini nikiwa mwepesi. Jengo tunalojenga liko ng'ambo ya barabara, usawa na nyumba ile, na hilo nililiona ni bahati, nitakuwa karibu na Mama. Saa nne hivi nilikuwa nimebeba ndoo ya zege begani, nimepumzika kidogo kwenye ngazi, na msimamizi wetu, kijana ambaye ungeweza kumtuma dukani, akanipigia kelele: "Wewe Ndoo! Umeota mizizi? Zege linaganda, au unasubiri mama yako aje akubebee?" Ndivyo ninavyoitwa hapa, Ndoo. Watu wakacheka. Nikageuza uso ili nisiwatazame, na macho yangu yakaangukia dirisha la Mama. Yule mkunga alikuwa ndani anatundika pazia. Akaniona. Akanipungia mkono, kisha akauteremsha polepole.

Dada, mimi si msimamizi. Sijawahi kuwa. Ile kazi niliyowaambia, ya kuandika mahudhurio ya watu na kuvaa kofia nyeupe, ni ya yule kijana. Niliisema mwaka wa kwanza kwenye simu siku moja, Mama alipouliza kama wananitesa, nikataka alale vizuri. Baadaye nikasikia ameshamwambia kila mtu, mpaka mwalimu wangu wa zamani amekuja kumpa mkono. Nikashindwa kuirudisha. Mimi nabeba ndoo. Miaka minne nabeba ndoo, kutoka chini kwenda juu, na bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto.

Nikaona jinsi atakavyokaa dirishani kutwa nzima. Ndicho alichoomba, anione. Angeniona nikibeba, nikiitwa Ndoo, nikikaripiwa na mtoto. Nikasema nisubiri kidogo, labda tutahamishiwa jengo jingine. Mwenye jengo akiishiwa tunasimama, akipata tunaendelea, na jengo liko pale pale. Mwezi ukawa miwili. Nikawaandikia bado natafuta. Nikawaandikia ile habari ya nyumba iliyofurika maji, ambayo haikuwahi kuwepo. Nikawa natoka kazini jioni, naingia ndani, najiinua chooni kwa mshikio wa Mama, na mkunga ananiuliza kupitia mlangoni Mama anakuja lini, nami namjibu yuko njiani.

Wiki tatu kabla hajafariki alinipigia, nadhani wewe ndiye uliyemshikia simu. Akasema nisijisumbue na madirisha, nimpe hata kona, atalala chini. Wakati anasema hayo nilikuwa nimekaa juu ya kitanda chake. Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni, nikisogea linalia. Akaniuliza ni nini hicho kinacholia. Nikamwambia ni mvua. Akasema basi funga dirisha mwanangu, usije ukapata baridi.

Wewe ulinieleza baadaye kwamba begi lake lilikuwa limefungwa tangu siku ile, na kwamba alikataa mtu asilifungue hata kutoa khanga. Uliponieleza hukujua unaniambia nini. Alipofariki mkamzika kesho yake, nilisema ni safari ya siku mbili nisingewahi. Hiyo ni kweli. Lakini ningeweza kuja baadaye na sikuja, kwa sababu kila mtu angenipa pole ya kukosa nyumba.

Nakwambia leo kwa sababu mbili. Moja ni kwamba kiwanda chako kiko mtaa huu huu, na nyumba ya pili ya mkunga inabaki wazi mwezi ujao. Dalali yeyote atakuleta pale. Mkunga akisikia sauti yako atajua sisi ni damu moja, atakuuliza Mama mmemwacha wapi. Sikutaka uyapate mlangoni kwa mtu baki. Ya pili ni kwamba nimechoka. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Jana nilimwambia mkunga kwanza. Nilidhani atanifukuza. Alivuta kigoda chake akakaa, akaniuliza kama kweli nimemwacha miezi sita anamngoja marehemu. Nikasema ndiyo. Akasema amezalisha wanawake miaka thelathini na hajapata mmoja aliyeuliza mtoto atafanya kazi gani. Wote wanauliza kama analia. Halafu akaniambia nyumba hii haitanifaa tena mpaka nimeshasema na wewe, akaingia ndani akafunga mlango.

Nyumba nzuri kwako, dada, nikisema kama mtu anayekufundisha na si vinginevyo, ni hii. Ukuta haulii debe, maji yanatoka, mita ni ya peke yako. Ukiitaka, mimi nitahama, nina pa kujibanza kwenye banda la kazini na wenzangu. Usipotaka kuniona karibu sitakaa karibu. Godoro nimelitoa kwenye nailoni asubuhi hii nikalianika juani. Binti yako alale juu yake. Kazi ninayofanya usimfiche. Akipita barabarani akaniona na ndoo, anisalimie kama anavyosalimia mjomba yeyote.

Wape salamu majirani wote wa upande wa chini na wa juu, na mwalimu wangu. Mwalimu mwambie ukweli, au niachie mimi nimwambie. Mjomba asome barua hii kama akitaka. Mimi sina la kumficha tena.

Ndimi mdogo wako wa tumbo moja,
mbeba zege.

Tunamwaga zege la ghorofa ya sita tarehe ishirini na nane, na msimamizi amenikubalia nikimaliza niondoke. Nitapanda gari la tarehe ishirini na tisa. Nitafika Jumamosi tarehe thelathini na moja, jioni. Nitapita kwanza makaburini, halafu nitakuja kusimama nje ya uzio wako. Sitabisha hodi mpaka utoke.