Mashine Uliyotaka Tuitupe

Kamalondo, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 3 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Désiré,

“Kilichokufa kizikwe. Tupeni hiyo mashine, dunia imesonga mbele.” Hayo ni maneno yako. Uliyaandika kwenye kikundi cha familia tarehe 11 Mei, ukiwa umeketi huko Liège, na watu wanne wakakuunga mkono kwa kidole gumba. Nimeyanakili kama yalivyo ili usije ukasema nimekusingizia. Nimekaa nayo karibu miezi mitatu, na leo nina jibu.

Lakini hata watu wanaokwenda kugombana husalimiana mlangoni. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje tangu wakupunguzie kazi ya kubeba mizigo? Na binti yako Gaëlle, bado anakua kama muhindi wa mvua ya kwanza? Sisi hatujambo. Baridi ya asubuhi imeanza kutuachia, sasa ni zamu ya vumbi, na mtaa mzima unakohoa. Madeleine mke wangu anakusalimu. Habari zake utazisikia huko chini, maana naye ana kosa lake katika kesi hii.

Unajua kwamba Jumamosi tarehe 16 tunamrithisha Dorine jina la Mama. Binti wa dada yetu atasimama mbele ya ukoo, atafungwa ushanga mweupe mkononi na kuitwa Kangwa. Kabla ya ushanga anapaswa kutaja, kwa kinywa chake na bila karatasi, mama waliomtangulia Mama, mmoja baada ya mwingine. Akikosea, wazee wa ukoo kutoka Sakania watainuka na kuondoka, na jina la Mama litabaki bila mwenyewe.

Ni nani aliyeyajua majina hayo? Mama, ambaye tulimzika mwaka jana, na Tante Angélique, mdogo wake. Tangu augue mwezi wa kwanza, Tante anayataja leo hivi na kesho vile, kisha analia kwa hasira. Zaidi ya hapo yalibaki mahali pamoja tu: zile alasiri tatu ambazo Mama alizungumza mbele ya simu yangu. Simu iliibiwa sokoni. Sauti nilikuwa nimeshaihifadhi katika sanduku lile jeusi ulilotuletea mwenyewe mwaka 2014, lenye disque mbili za kuhifadhia ndani, kila moja nakala ya mwenzake, linalokaa sebuleni kando ya router na kutunza picha na kumbukumbu zote za nyumba hii.

Hicho ndicho ulichotaka tukitupe.

Sanduku halikuungua, Désiré. Halikuanguka. Kampuni iliyolitengeneza iliamua kwamba umri wake umekwisha, basi. Kila tulipotaka kuingia, lilikwenda kwanza kuomba ruhusa kwenye mitambo ya kampuni huko mbali, na mitambo hiyo ilikuwa imezimwa. Vitu vyetu, ndani ya nyumba yetu, na ufunguo kwa mtu asiyetujua! Kobalti ya huku inapanga foleni mpakani Kasumbalesa siku nzima juu ya malori, inakwenda, inarudi ikiwa mashine, halafu tunaambiwa tuizike kwa sababu mwenye duka amechoka kuihudumia. Na wewe, mtoto wa Mama Kangwa, ukaitikia amina.

Nilichukua disque moja nikaichomeka kwenye kompyuta ya shule ninakofundisha. Kompyuta ikaniambia haiielewi, ikauliza kama nataka iisafishe ili ianze kutumika. Nilibonyeza hapana. Tangu siku hiyo niliacha kujidanganya kwamba vitabu vya kompyuta nilivyosoma vinatosha, nikaenda kwa Syntiche.

Syntiche ana kibanda karibu na soko. Anatengeneza dekoda, simu na kompyuta, analea watoto wanne, na hamwogopi mtu. Akanieleza kwamba dawa ni kuliwekea sanduku mfumo mwingine, Linux, ambao hauna bwana mmoja: yeyote anaweza kuusoma, kuurekebisha na kuugawa, na hauombi ruhusa kwa mtu. Nilikuwa nimesoma kurasa mia mbili juu ya jambo hilo, kwa hiyo nikataka tuanze palepale. Akanishika mkono.

“Papa Prof, toa kwanza madisque. Yote mbili. Weka mu kabati.”

Nikamwambia maelekezo niliyosoma hayasemi hivyo.

“Bitabu unasoma mingi, lakini mashine haisomake bitabu. Ukikosea hapa, utazika mama yako mara ya pili. Na mara hii hakuna mutu atakuletea kahawa ya matanga!”

Wateja wake wakacheka. Nikatii, jambo ambalo unajua ni la nadra. Disque zikaingia kabatini, zimefungwa katika kitenge cha Mama.

Alinitayarishia clé mbili za USB: moja yenye programu ya kusimika mfumo, nyingine ambayo mfumo wenyewe ungekaa humo, ili disque zisiguswe kabisa. Sanduku halina kioo wala kibodi. Unalichomeka, unakaa kwenye kompyuta nyingine, unalitafuta kwa waya wa mtandao kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye giza. Ijumaa ya tarehe 18 Julai liliitika. Likaanza kusimika mfumo. Nilikwenda shuleni kusimamia mtihani nikiwa na furaha ya bwana harusi.

Niliporudi lilikuwa limezimwa. Waya wake ulikuwa umezungushwa vizuri, umewekwa juu yake.

Hapa ndipo Madeleine anaingia. Nyumba hii ina sheria: anayetoka sebuleni anachomoa kila kitu, kwa sababu umeme wetu ukikatika hurudi kwa kishindo na kuua friji. Madeleine aliona sanduku kimya, halina picha wala sauti, akachomoa, akaenda kanisani. Nikapaza sauti. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye sheria hiyo kwa herufi kubwa, na sahihi chini yake.

“Hii mwandiko ni ya nani?” akaniuliza. “Ya pasta?”

Ilikuwa yangu.

Mfumo ulikufa katikati. Clé ya pili haikufaa tena kwa kitu. Lakini fikiri, mdogo wangu: kama ningemshinda Syntiche kwa maneno, zile disque zingekuwa ndani. Nilimpelekea samaki wa Pweto na kumwomba radhi mbele ya wateja walewale.

Mara ya pili tuliliweka kwenye betri ya sola, na Madeleine mwenyewe akakaa mlangoni kulilinda, akichambua maharagwe. Kwa muda wa saa tatu na nusu hakuna aliyepita. Mfumo ukamaliza kuingia, ukawaka, ukaitika jina nililoupa. Syntiche akarudisha disque moja tu na kuifungua kwa kusoma pasipo kuandika. Sasa sikiliza vizuri, wewe unayependa kutuambia dunia ilipofika. Disque ilifunguka bila ubishi, kwa sababu mfumo uliokuwamo tangu mwanzo ulikuwa Linux hiyohiyo! Kampuni ilichukua kitu cha wote, ikakifungia kwa kufuli lake, ikatuuzia, kisha ikaondoka na ufunguo. Unachokiita maendeleo ni kufuli tu.

Jana mchana tulimleta Tante Angélique, tukamkalisha karibu na spika. Mama akakohoa, kama kawaida yake, akaanza kutaja. Alipofika katikati, Tante akamrukia: “Hapana, ni Mwape binti ya Chomba!” Na Mama, ndani ya spika, kwa sababu siku ile ya kurekodi Tante alimkatiza vilevile, akajibu: “Chomba binti ya Mwape. Angélique, weye nyamaza kwanza!”

Tante akapiga makofi. “Munaona? Hata amekufa, bado ananikatia maneno!” Akacheka mpaka machozi, kisha akayataja majina yote kwa mpangilio, mara tatu, na Dorine akifuata.

Baada ya hapo Mama anasema jambo ambalo nilikuwa nimelisahau. Anasema: “Désiré alienda Liège mbele mimi sijamufundisha haya majina. Mutamufundisha.”

Nisalimie shemeji, na rafiki yako Michée wa Charleroi ukimwona. Tante anakubariki, anaomba Mungu akunyooshee mgongo na njia. Disque ya pili ameichukua Syntiche aihifadhi kwake, na nakala ya sauti nimekutumia leo.

Basi nawadai, wewe na Gaëlle, wala si familia nzima. Jumamosi tarehe 16, saa nne asubuhi, saa ambayo majira haya ni ileile kwenu na kwetu, mpige simu. Dorine akimaliza, mtayataja baada yake, kwa sauti, bila karatasi: Kangwa wa Mapalo, Mapalo wa Nono, Nono wa Chomba, Chomba wa Mwape, Mwape wa Kapya. Kidole gumba sikitaki. Nataka kusikia mdomo wako.

Kaka yako anayekupenda hata anapokupinga,
Émile