Nyumba ya Matiko

Kijijini kwetu, Tarime
Juni, 1977

Kwako kaka yangu Matiko,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe na wifi yangu Robi, na kwamba mashine za kiwandani hazijakutia uziwi, maana barua yangu ya kwanza hukuijibu. Mama anakusalimu sana. Ulezi umekubali mwaka huu. Jioni ng'ombe wakirudi bado natazama nyuma yao nikidhani nitakuona na fimbo yako, halafu najicheka. Tumekukumbuka, kaka, nasema bila aibu.

Zahanati imefunguliwa. Mabati yake yanang'aa, unayaona tangu barabarani. Matibabu ni bure kama ulivyotuambia, na hata wale waliokuita kiherehere wa Chama wamejaa kwenye foleni. Jirani yetu Machage, aliyeficha ndama wake migombani siku ya mchango, ndiye aliyewahi wa kwanza kutiwa dawa ya macho. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Baba yetu, Tata, peke yake hajaingia. Unaukumbuka ule mkutano, kila boma lilipotakiwa kutoa ndama kwa ajili ya saruji na mabati. Tata alisimama akasema kodi ya kichwa ilifutwa mchana kweupe, sasa inarudi imevaa koti la daktari, na yeye hatoi hata mkia. Nawe, mwanaume mzima mwenye mke, ukamjibu mbele za watu kwamba utatoa ndama wako, nyumba hiyo itakuwa yako, na tuone kama ataikanyaga. Loo! Neno gani hilo la kumwambia mzazi? Unajua kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kesho yake ukapanda basi.

Sasa sikiliza. Wakati wa palizi Tata alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kimeoza, uvimbe umefika gotini, na homa haimwachi. Nikimwambia twende zahanati, anasema ile ni nyumba ya Matiko, mila haimruhusu. Stanslaus, mganga wa zahanati, kijana mpole wa kutoka Mugumu, akasema basi atakuja kumchoma sindano hapa hapa uani kwetu. Akaja na bomba lake. Tata akamfukuza kwa fimbo huku akichechemea! Stanslaus ameniambia waziwazi kwamba akizidi kuchelewa mguu utakatwa, au tutamzika.

Hapo nikajua mila si sababu. Jumapili nikimwosha kidonda nilimuuliza kwa hasira kama anataka kutuachia msiba kwa ajili ya ndama. Aliutazama mguu wake. Kisha akasema taratibu, kwa Kikurya, kwamba mambo ya kodi yalishamtoka moyoni, na sindano anaitaka, kwani maumivu anayajua yeye. Lakini akishapona, Matiko atarudi kwa ajili ya nani? Alisema yeye ni baba, hawezi kumbembeleza mtoto aliyemjibu mkutanoni. Ila mtoto akisikia mzazi wake ni mgonjwa, atakuja mwenyewe. Akaniapisha nisikwambie neno hilo.

Nimekwambia. Anilaani akitaka, mradi abaki na nguvu za kulaani.

Njoo, kaka. Usimwonyeshe kwamba unajua. Mshike mkono, mwambie nyumba ile ni ya kijiji kizima, kisha mwingie wote wawili. Akikutukana, meza. Usingoje mshahara wala ruhusa ndefu, njoo na nguo ulizovaa.

Nisalimie wifi sana, na majirani zenu wote wanaotujua. Mama anasema godoro lako ameshalianika.

Leo asubuhi Tata ameomba tumtoe nje, akae pale ambapo barabara ya Tarime inaonekana. Amesema ni kwa ajili ya jua. Kaka, tangu asubuhi mawingu yametanda, na bado amekaa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Wegesa