Kadi Mbili, Namba Moja

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu

Jana tena! Nyuma ya misa nilimpigia Xavier: simu inaongea. Nikapiga tena: inaongea, laini imeshikwa na mtu mwingine. Jumapili ndiyo siku pekee anayopanda kilima, kule anakochimba dhahabu, ng'ambo ya Iga Barrière, kutafuta rezo ya simu. Mume wangu anaongea na nani huko juu?

Kazini, mkubwa wetu muzee Jean-Claude ameleta kaseti za kwaya. Anataka nyimbo ziingie kwanza katika kompyuta kuukuu, kisha zipite kwa waya hadi ile mpya. Xavier ndiye aliyeifungua hiyo kuukuu mbele yangu kabla hajaondoka, akanitajia kila kadi. Leo nimechomeka kadi ya sauti kando ya kadi ya rezo, ile ya kupitisha nyimbo kwenye waya. Wimbo ukaanza — kompyuta ikaganda.

Jumanne, 5

Nimepata. Kadi zote mbili zinaita kwa namba tano. Kompyuta ikisikia tano, haijui ni nani anayeita. Hortense, anayeuza beinye, maandazi ya mafuta, mlangoni petu, akachungulia: "Zinagombana sawa bake wenza! Pa kila moya nyumba yake."

Ndivyo. Kwenye kadi kuna visindano, na kofia ndogo ya plastiki tunayoiita kavalye. Ukiihamisha, namba inabadilika. Saba ilikuwa ya imprimante, mashine ya kuchapa; iko wazi tangu ilipokufa. Nimeipeleka kadi ya sauti kwenye saba. Kavalye iliniponyoka, nikaitafuta kwa magoti kwenye sakafu ya sima. Vidole vya Xavier havikuwahi kuiangusha. Umeme umekatika kabla sijajaribu.

Jumatano, 6

Imeganda tena! Asubuhi nzima nahangaika. Kumbe Espoir, mwenzangu wa kazi, alifika kabla yangu, akakumbuka ugomvi wa Jumatatu, naye akaipeleka kadi ya rezo kwenye saba. Hakuniambia. Mimi pia sikuwa nimemwambia.

"Yaya, dada yangu, nilitaka kukusaidia!"

Zote mbili zimesogea, zikakutana tena! Tulicheka mpaka Hortense akaja kuuliza kama tumelewa. Nimeirudisha ya rezo kwenye tano. Kwaya ikaimba, nyimbo zikapita kwenye waya. Nilifika nyumbani na hamu ya kumsimulia mtu. Sahani moja mezani.

Ijumaa, 8

Rachidi, motari wa pikipiki, ametoka Iga na salamu.

"Shemeji, bwana yako anauliza: kila Jumapili, siku ya Mungu, anakupigia. Weye uko unaongea na nani?"

Mimi! Nikacheka, machozi yakatoka. Kumbe tunapigiana saa ileile. Miezi yote hii kila mmoja anabisha hodi kwa mwenzake, na wote tuko nje.

Habari ya pili haichekeshi. Jumatatu kundi lake linaingia ndani zaidi ya msitu, pasipo rezo, mpaka mwisho wa mwaka. Anataka kusikia kwa kinywa changu: arudi mikono mitupu, ao aende? Asiponipata Jumapili hii, atajua nimemchoka. Ataenda.

Arudi! Hiyo mikono mitupu ndiyo ninayoitaka.

Meseji hasomi, kioo cha simu yake kimekufa. Anabonyeza namba kwa mazoea. Nikamwomba Rachidi arudishe jibu. "Kesho niko na kurusi ya kupeleka mutu Irumu, shemeji. Iga, labda mardi."

Mardi! Jumanne atakuwa amekwisha kuingia msituni.

Jumapili, 10

Misa imekwisha. Nimeamua: leo sipigi. Apige yeye, laini yangu iwe wazi. Nimeketi uani, simu mapajani, rezo imejaa.

Kimya.

Hortense amepita: "Mama, unaatamia simu sawa kuku? Itaangua nini?"

Bado kimya. Amekwisha kufika juu, najua mwendo wake.

Na sasa namkumbuka Espoir. Mungu wangu. Xavier ndiye aliyenifundisha kugawa namba. Kama mimi nimewaza hivi, yeye amewaza kabla yangu. Ameketi juu ya jiwe, simu mkononi, laini wazi, ananingoja nimpigie. Naye amesogea! Tuko kwenye saba sote wawili.

Basi nipige. Lakini kama dakika hii naye amekumbuka, akainua kidole — inaongea! Halafu atashuka.

Jua limefika kwenye bati la jirani. Namba yake yote nimekwisha kuiandika kwenye simu, imebaki kubonyeza. Kalamu mkono wa kuume, simu wa kushoto.

Baki hapo hapo, Xavier. Usisogee. Safari hii ni mimi ninayepi—