Kuhusu Lori la Baba

Tukuyu, Jumapili

Kaka Lukasi,

Shikamoo. Huku mvua haijakatika, na mke wangu Elina amevuna ndizi nzuri.

Umeuliza tulifufue lori la Baba au tununue jipya. Fundi Sadick anasema, "Chesisi bado ngumu. Nikibadilisha injini hii iliyochoka na breki, litapanda milima miaka mingi." Namwamini.

Lakini kaka, tangu breki ziliponifelia kwenye mteremko wa Suma, siwezi tena kuliendesha. Jana niliwasha nilisogeze tu uani, nikazima, nikamwambia Elina betri imekufa. Alijua ni uongo, akarudi kwenye ndizi zake.

Tulifufue, ila tafuta dereva mwingine. Mama akiuliza sababu, sema mgongo unanisumbua. Kanisani bado anajisifu kwamba nimerithi moyo wa Baba.

Mdogo wako, kwa aibu,
Jairo