Nyumba ya 63, Mwanamume 1

Jumanne, kijijini Keza. Manyunyu tangu asubuhi, kahawa haianikiki, nami nimeshinda ndani na mjukuu wangu Jeni na kompyuta yake. Moyo mzito. Wahenga walisema mficha uchi hazai, basi leo nauanika.

Jeni anasoma takwimu chuoni. Kompyuta yake kuukuu, na kila akipakia data za kaya inagoma: kumbukumbu imejaa. Mimi, karani mstaafu nisiye na haya, nikamshauri afute majina yote abakize idadi tu. Nikajisifu kwamba nilifanya hivyo enzi za Ujamaa, nikapigiwa makofi.

Akacheka. "Babu, ukishajumlisha, majina hayarudi."

Kisha akanionyesha. Safu ya vijiji ilikuwa inarudia maneno yale yale, mstari baada ya mstari. Akaandika kila kijiji mara moja tu pembeni, akakipa namba, na kwenye jedwali zikabaki namba. Data zikaingia zote, nafasi ikabaki, na hakuna mtu aliyepotea.

Nikasema naenda kuangalia mbuzi. Ukweli, nilikwenda kulia nyuma ya banda.

Wakati wa vita vya 1978 nilikuwa karani wa kijiji, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na maringo tele. Karatasi zilikuwa adimu kama sukari. Rejista yetu ilitaka kila kaya iwe na ukurasa wake: majina, umri, walikotoka. Mtu anayeishi peke yake alikula ukurasa mzima! Nikaona huu ni ufujaji. Nikahamishia kijiji kizima kwenye daftari moja la shule, kaya moja mstari mmoja: namba ya nyumba, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Rejista yenyewe nikaichana, tukaandikia vibali vya sukari upande wa nyuma. Mwenyekiti akanisifu mkutanoni, kichwa kikavimba.

Vita vilipokwisha akaja mama mmoja kutoka Shinyanga. Alifika Biharamulo kwa basi, huku kwetu akadandia lori la chumvi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema anamtafuta mwanawe Masanja, aliyehamia huku peke yake kutafuta shamba. Hakutaka makubwa. Alitaka kujua tu kama alifika.

Nikafungua daftari. Nikapitisha kidole taratibu, mstari kwa mstari, na wala sikuwa nasoma kitu. Mwanamume 1. Mwanamume 2. Mwanamume 1. Mwenyekiti alikuwa ameketi pale pale, nikashindwa kukiri mbele yake kwamba daftari alilolisifu halina jina hata moja.

Nikasema hapa hakuna mtu wa jina hilo.

Akanishukuru. Mimi, jamani! Akawahi lori lile lile kabla halijageuza. Daftari la serikali likishasema hakuna, mgeni atabisha na nani?

Siku tatu baadaye nikamsimulia mzee mmoja mpole aliyekaa jirani na nyumba ya 63. Akanitazama sana, akauliza: Masanja si yule aliyekaa peke yake nyumba ya 63, tuliyekuwa tukimwita Msukuma tu? Alikwenda vitani na mgambo, hakurudi. Alimwachia mzee huyo blanketi na jembe, akasema, mama yangu akija, umpe.

Na mama yule sikuwa nimemuuliza anatoka kijiji gani, hatukujua pa kumfuata. Hata hilo nililibania.

Miaka yote hii nimesingizia uhaba wa karatasi. Uongo mtupu. Ningemwambia tu, "Mama, sijui, twende tukaulize," tungefika nyumba ya 63 kabla ya chakula cha mchana. Kilichonifunga mdomo ni kiburi.

Niliporudi ndani nilimwomba Jeni afungue jedwali jipya la mstari mmoja. Jina: Masanja. Nyumba: 63. Alikotoka: Shinyanga. Alikokwenda: vitani. Alichoacha: blanketi na jembe. Anayemtafuta: mama yake.

Nikamuuliza mstari huo umekula kumbukumbu kiasi gani.

"Babu, hata hauonekani."

Sasa nilikuwa nabana nini?